Vyoo Vinane

Bahari haijawahi kufika Moshi,
ila mwaka ule meli ilitufikia kwa karatasi:
kurasa arobaini na moja, na picha
ya jumba jeupe lenye madirisha kuliko KCMC.

Elinaja, mkurugenzi wetu, akatuita mezani.
"Wakitia nanga Tanga, watu themanini
watapanda ndege ndogo, watakunywa kahawa yetu,
watautazama Mlima, watarudi kabla king'ora hakijalia."
Nikaandika: kahawa. Mlima. King'ora.

Aliyetumwa kutupima tulimwita Bwana Saa.
Mkononi alikuwa na saa, shingoni nyingine, ya kubonyeza.
Alishuka kwenye ndege, akabonyeza.
Alipanda gari letu, akabonyeza.
Pale Kiboriloni bibi mmoja akavuka na mkungu kichwani,
taratibu, kama mtu aliyeilipia lami,
naye akabonyeza, akaandika: dakika mbili.

Mimi nilidhani meli huchagua bandari
kama mtu anavyochagua kitenge.
Nikamweleza Kibo ya alfajiri, theluji ikiwa rangi ya ndani ya pera.
Akauliza, "Huonekana siku ngapi kwa mwezi?"
Nikasema, inategemea.
Fomu yake haikuwa na kisanduku cha inategemea.

Mchana, juu ya bakuli la mtori, akatufungulia siri,
bila hila, kama fundi anayeonyesha bisibisi zake.
Kwanza, kina cha maji.
Pili, ushuru wa kila kichwa.
Halafu bandari iwe mwendo wa usiku mmoja kutoka bandari,
maana meli ikifungwa kamba gatini, duka lake hufungwa nalo,
na meza za kamari hulala.
Halafu hospitali, maana abiria wengi ni wazee wenye mioyo ya kubahatisha.
"Na cha kutazama?" akauliza Elinaja.
"Hicho pia," akasema, akifuta mdomo.
Kisha: "Vyoo mnavyo vingapi?"

Tulikuwa navyo viwili,
kimoja mlango wake ni gunia la kahawa.

Elinaja akakopa SACCOS.
Kihiyo, fundi kutoka Same, akaja na watoto wake wawili.
Vigae vyeupe, vioo, sabuni ya limau,
vyoo vinane kwenye mstari kama askari wa gwaride.
Tulivipiga picha kabla hata ya kuvitumia.

Jioni ile nikamsimulia mama.
Akacheka mpaka kikombe kikamwagika.
"Kwani mimi nachaguaje pa kukaa?
Ndesario ana jumba Njiro, lakini ngazi ishirini na mbili.
Kwa Foibe, mkwe wangu anahesabu vijiko vya sukari.
Kwako choo kiko karibu na kitanda."

Miaka sita nilidhani ni mapenzi.

Nikaosha vyombo. Nikaviosha tena.

Barua ilikuja mwezi wa Machi, mistari mitatu.
Wanatushukuru kwa ukarimu.
Wamechagua bandari nyingine.
Haikusema ipi, wala nani alitushinda kwa nini:
kwa kina, kwa ushuru, au kwa dakika mbili za bibi.

Siku hizi wanawake wa sokoni Kiboriloni wanavijua vyoo vyetu.
Shilingi mia mbili, ufunguo anao Anasteria.
Elinaja hupeleka sarafu SACCOS kwa mfuko wa unga,
na karani akimwona mlangoni anafunga dirisha kwanza, akahesabu baadaye.
Yule bibi wa mkungu huja pia.
Huweka ndizi chini, huingia,
hukaa humo muda anaoutaka,
hujitazama kwenye kioo, hurekebisha kilemba.

Mama bado yuko kwangu.
Hatujairudia ile habari.
Ila juzi, alipokwenda kanisani,
nilikisogeza kitanda chake
hatua mbili zaidi, upande wa choo.